Jamu ya stroberi na forosadi za bustanini: maswali na majibu kuhusu afya

Stroberi za Lushoto na Limuru, na forosadi zinazodondoka kwenye nyua nyingi, huiva zote kwa mkupuo na kuoza upesi. Kuzipika jamu ni njia nzuri ya kuziokoa. Hata hivyo, wapishi wengi wa nyumbani hugeuza vipimo kwa nia njema ya kulinda afya, na hapo ndipo hatari inapoingia.

Kwa nini jamu hukaa miezi ilhali stroberi mbichi haimalizi siku tatu?

Inalindwa na vitu vitatu kwa pamoja: moto, sukari na uchachu. Moto huua vijidudu vingi vilivyokuja na tunda kutoka shambani. Sukari hushika maji yaliyomo, vijidudu vikakosa maji ya kutumia. Jamu iliyoiva sawasawa huwa na sukari kama asilimia 60 hadi 65. Uchachu nao huzuia bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, ambaye sumu yake hupooza misuli, hata ile ya kupumulia. Mbegu zake hustahimili maji yanayochemka, lakini haziwezi kuota pale pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi) inapokuwa chini ya 4.6.

Stroberi kwa kawaida ina pH kati ya 3 na 4, kwa hiyo ni salama kwa asili yake. Forosadi ni habari nyingine. Ikiiva hadi kuwa nyeusi na tamu tupu, uchachu wake hupungua sana. Ndiyo maana jamu ya forosadi haipikwi bila limau. Kwa kilo 1 ya tunda, tia vijiko 4 vya chakula vya maji ya limau, hata kama ulimi wako hauoni haja.

Na tafadhali, usiongeze papai bivu au ndizi ili chupa zijae. Matunda hayo hayana uchachu wa kutosha na yanaharibu mizani yote. Ukitaka ladha hiyo, pika kidogo, weka kwenye friji na ule ndani ya siku chache.

Kilo 1 ya matunda kwa kilo 1 ya sukari! Nikipunguza nusu, si ndiyo afya?

Naelewa swali hili linatoka wapi, na ni zuri. Jibu langu ni kwamba sukari ipunguzwe kwenye mkate kabla ya kupunguzwa kwenye sufuria. Unaweza kushuka hadi gramu 750 kwa kilo ya stroberi bila shida kubwa. Ukishuka hadi nusu, jamu haitashikana vizuri na haitakaa kabatini. Italazimu iishi kwenye friji na iliwe ndani ya wiki chache, au igandishwe. Hilo si kosa, mradi ujue kwamba ulichopika sasa ni chakula cha friji.

Tuhesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nguvu yote tunayopata kwenye chakula, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kuna faida zaidi. Kwa mtu mzima, hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25 kwa siku. Kijiko kimoja cha chakula cha jamu kina karibu gramu 12. Ukipaka vijiko viwili asubuhi, umekaribia kuumaliza mgao huo kabla hujagusa chai. Kijiko cha chai kimoja, kilichosambazwa vizuri, kina kama gramu 4 tu na ladha unaipata.

Nikitumia asali au sukari guru badala ya sukari nyeupe?

Mwilini zote ni sukari. Mwenye kisukari asidanganywe na rangi ya kahawia wala neno “asilia”. Aihesabu jamu hiyo kama sukari nyingine yoyote, na akubaliane na mhudumu wake wa afya kuhusu kiasi. Vitamu visivyo na sukari, kama stevia, vinatia utamu lakini havihifadhi chakula. Tena jamu iliyotiwa asali isipewe mtoto aliye chini ya mwaka 1, kwa sababu asali inaweza kubeba zile mbegu za botulinum, na kupika nyumbani hakuziui.

Watoto wakubwa kidogo je?

Kabla ya miaka 2, mpe stroberi mbichi iliyooshwa na kupondwa. Hana haja ya jamu. Baada ya hapo, ipakwe kidogo wakati wa mlo, na meno yapigwe mswaki asubuhi na usiku. Jamu hunata kwenye meno, na kulamba kijiko mchana kutwa ndiko kunakoyatoboa.

Vitamini zinabaki?

Baadhi. Gramu 100 za stroberi mbichi zina karibu miligramu 60 za vitamini C, lakini moto hupoteza sehemu kubwa yake. Jamu ni kitafunio. Usiihesabu kama tunda lako la siku.

Sufuria gani nitumie?

Ya stenlesi, au ya enameli isiyobanduka. Asidi ya matunda na limau huchubua madini ya alumini. Ninaloogopa zaidi ni zile sufuria zinazoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu: utafiti uliofanywa Kamerun na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta sufuria za aina hiyo zikitoa madini ya risasi kwenye chakula chenye asidi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Nitajuaje imeiva, na naihifadhi vipi?

Vitabu vingi husema nyuzi 104 au 105. Hiyo ni Dar es Salaam au Mombasa. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto la chini zaidi: Nairobi ni karibu nyuzi 94, hivyo jamu hukamilika kwenye 98 au 99. Ukingoja 105 ukiwa Limuru utaiunguza. Asiye na kipimajoto adondoshe kidogo kwenye sahani iliyopozwa; ikikunjamana ukiisukuma kwa kidole, tayari.

Chemsha chupa za kioo dakika 10, zijaze zikiwa moto hadi ibaki nafasi ya nusu sentimita, funga kwa vifuniko vipya, kisha chemsha chupa zilizofungwa ndani ya maji yanayozifunika: dakika 10 zinatosha hadi mwinuko wa mita 1,800, juu ya hapo 15. Ukishafungua, weka kwenye friji na utumie kijiko kikavu.

Kuna ukungu kidogo juu. Niukwangue?

Hapana, tupa chupa nzima. Baadhi ya ukungu hutengeneza sumu inayopenya chini ya pale unapoona. Inauma kutupa kazi ya mikono yako, najua. Tupa pia chupa ambayo kifuniko kimevimba au inayofoka ukiifungua.

Jamu ikinirukia?

Inaunguza kuliko maji kwa sababu inanata kwenye ngozi. Vua pete au nguo isiyogandamana na ngozi, kisha weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta. Ukiona malengelenge makubwa, au ikiwa ni usoni, mkononi au kwa mtoto, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.