Kazi za umeme, maji na majitaka: yanayosemwa na yalivyo

Anayetafuta kazi hupita kila siku chini ya nyaya za umeme, hufungua bomba, huvuta maji chooni, wala haimjii akilini kwamba kila kimoja kati ya hivyo kina jeshi la watu nyuma yake wanaolipwa mshahara. Ajira anazitafuta kwingine. Ukimtajia mashirika ya umeme na mamlaka za maji, anakujibu haraka kwa nini hazimfai, na majibu hayo nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba nayajua kabla hayajatoka mdomoni. Mengi si kweli. Machache yana ukweli nusu, na hayo ndiyo yanayohitaji kuelezwa kwa makini zaidi.

"Ni kazi za wahandisi na wapanda nguzo."

Wahandisi ni wachache, na wapanda nguzo ni kundi moja tu. Mamlaka ya maji peke yake inahitaji waendesha mitambo, mafundi wa pampu, mafundi bomba, wachomeleaji, mafundi umeme wa viwandani, watu wa maabara, wachora ramani, madereva wa mitambo ya kuchimba, watunza ghala, maofisa manunuzi, wahasibu, wapokea simu za wateja, na wataalamu wa kompyuta wanaoangalia valvu na matangi kutoka chumba cha udhibiti. Kati ya wote hao, mwendesha mtambo wa kusafisha maji ndiye ambaye tangazo lake hupitwa bila kusomwa, kwa sababu jina la kazi halisemi kitu. Basi nikuonyeshe anachofanya.

Mvua imenyesha usiku, na asubuhi maji ya mto yanaingia mtamboni yakiwa na rangi ya udongo. Kipimo cha jana cha shabu, ile dawa inayokusanya uchafu wa maji, hakifai tena. Mwendesha mtambo anapanga bika sita, yaani vyombo vya maabara, kila moja lita moja ya maji yaleyale, na kila bika anaitia shabu zaidi kidogo kuliko iliyotangulia. Anawasha vikorogeo kwa kasi kwa dakika moja hivi, kisha anavipunguza vizunguke taratibu kwa dakika kama 20. Ukiinama ukatazama, utaona vumbi lililokuwa limetanda ndani ya maji likianza kushikana, linakuwa kama vinyuzi vya pamba, vinyuzi vinakuwa vibonge. Anazima, anasubiri vibonge vitue chini, kisha anapima uchafu uliobaki juu. Bika iliyotoa maji angavu kwa shabu kidogo ndiyo inayoamua kipimo cha mtambo mzima. Kutia shabu nyingi "ili tuwe salama" ni kosa: ikizidi, chembe zinaweza kurudi kutengana zikabaki zinaelea, na maji yenyewe yakaongezeka uchachu.

Baada ya hapo kuna kuchuja, halafu klorini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka angalau miligramu 0.5 za klorini zibaki katika kila lita baada ya dakika 30 za kuchanganyika, na maji yanapomfikia mtumiaji zisipungue 0.2. Anayelinda tarakimu hizo saa nane za usiku mara nyingi ni mtu mwenye cheti au stashahada. Hiyo ni kazi ya akili na ya dhamana kubwa, na inanisikitisha kwamba watu wanaiweka fungu moja na kazi ya kukaa lindo.

"Bila shahada usijisumbue."

Kwa nafasi za uhandisi, ni kweli. Kwa sehemu kubwa ya nafasi nyingine, kinachotakiwa ni ufundi uliothibitishwa, na ufundi huo hupatikana kwa uanagenzi: unafanya kazi chini ya fundi mzoefu huku unasoma. Marekani, fundi wa laini za umeme kwa kawaida hupita uanagenzi wa saa zipatazo 7,000, yaani miaka mitatu na nusu hivi. Ujerumani, fundi wa mitambo ya maji husomea miaka 3, muda wake ukigawanywa kati ya chuo na mtambo. Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa kwa kukosa chuo kikuu, uliza ni chuo gani cha ufundi kinachokubaliwa na mamlaka unayoitaka, na kama yenyewe inapokea wanagenzi.

Kuna karatasi moja ambayo watu huisahau: leseni ya kuendesha magari makubwa. Timu ya dharura hutoka na lori, winchi na kikapu cha kunyanyulia, na mtu anayeweza kuendesha na pia kushika spana ana thamani kuliko anayeweza kimoja.

"Bila mtu wa kukushika mkono huingii."

Upendeleo upo, na ukikuta umekupitia inauma. Lakini nimesoma barua nyingi za maombi za watu waliolalamika kwamba walinyimwa kwa kukosa ndugu ndani, na mara nyingi barua yenyewe ndiyo iliyowaangusha. Huduma za umma huajiri kwa sifa zilizoandikwa katika tangazo. Anayechambua maombi huwa na orodha iliyotoka kwenye tangazo hilohilo, na hupitia karatasi yako akitafuta kila sifa aiwekee alama. Asipoiona, haihesabu, hata kama unayo.

Tangazo linasema "uzoefu wa kutunza pampu". Mwombaji anaandika: "Mimi ni mchapakazi, najituma na niko tayari kujifunza." Hapo hakuna cha kuwekewa alama. Mwingine, mwenye uzoefu uleule, anaandika: "Kwa miaka miwili nilitunza pampu tatu kiwandani. Nilibadilisha beringi na sili, nilinyoosha shafti ya pampu na ya mota zikae mstari mmoja, na nilijaza daftari la matengenezo kila wiki." Huyu ataitwa. Chukua tangazo, lisome sifa moja baada ya nyingine, na hakikisha kila moja ina sentensi yake katika barua yako, kwa maneno ya tangazo lenyewe.

Kuna pia mlango wa pembeni. Kutandaza mabomba, kusimamisha nguzo, kukata miti iliyo karibu na laini, kufunga mita: kazi hizi mara nyingi hutolewa kwa zabuni, na makandarasi ndio wanaochukua watu. Msimu mmoja kwa mkandarasi unakupa uzoefu wa kuandika na msimamizi wa kukushuhudia. Lakini anayekudai pesa ili jina lako lipite ni tapeli, hata akiwa na barua yenye muhuri.

"Majitaka ni kazi ya aibu."

Mwaka 1858 joto la kiangazi lilifanya mto Thames unuke hadi Bunge la Uingereza likashindwa kuvumilia, kwa kuwa uchafu wa London yote ulikuwa ukimwagwa humo. Mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mfumo wa mifereji chini ya mji. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, kilishambulia hasa mashariki ya London, sehemu ambayo mfumo huo ulikuwa haujakamilika. Mifereji mingi ya Bazalgette inatumika mpaka leo. Sijui kazi nyingine ya mikono ambayo faida yake unaweza kuichora kwenye ramani namna hiyo, mtaa uliopona na mtaa uliougua. Na kwa mtafuta kazi kuna jambo jingine: kwa sababu wengi huikwepa, foleni yake huwa fupi.

"Ukiwa makini tu, hupati ajali."

Dhana hii naiogopa kuliko zote, kwa sababu inawafikisha watu kazini wakiwa na imani isiyo sahihi. Umakini wa mtu mmoja hautoshi. Kinachomlinda ni utaratibu usiorukwa. Kabla ya kugusa laini iliyozimwa, fundi huikata pande zote inakoweza kupata umeme, huweka kufuli na kibandiko chenye jina lake ili mtu asiiwashe, huipima kuhakikisha haina umeme, kisha hufunga waya wa ethi, unaopeleka umeme ardhini, na mwisho huziba vitu vya jirani ambavyo bado vina umeme. Kipima umeme chenyewe hujaribiwa mahali penye umeme kabla na baada, maana kipima kibovu husema "hakuna" kila mahali.

Waya wa ethi wa nini, ikiwa laini imeshakatwa? Kwa sababu ya jenereta ya nyumbani. Mtu akiiunganisha kwenye nyaya za nyumba bila swichi ya kubadilishia, umeme unatoka nje hadi kwenye transfoma na kuipita kinyumenyume. Transfoma iliyokuwa inashusha volti 11,000 sasa inapandisha, na fundi aliye juu ya nguzo anakutana na volti elfu kadhaa kwenye laini ambayo ofisi imemwambia imezimwa.

Kwenye chemba za majitaka adui ni hewa. Gesi ya salfidi hidrojeni ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Ikiwa kidogo hunuka kama yai viza. Ikifika karibu sehemu 100 katika milioni, pua hufa ganzi, harufu inapotea, na mtu anadhani hali imetengemaa. Anaanguka, mwenzake anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Ndiyo maana hewa hupimwa kabla ya kushuka, mtu hufungwa kamba, na aliye juu haruhusiwi kumfuata.

"Si kazi za wanawake."

Winchi na kikapu vimechukua mzigo ambao zamani ulibebwa na misuli, na bika sita hazijui anayezipanga ni nani. Ukiwa mwanamke, uliza mapema kuhusu mikanda ya usalama, glovu na buti za saizi yako. Vifaa visivyokukaa havikulindi, na kuviulizia si kudeka.

"Ukiingia umetulia mpaka kustaafu."

Ajira huwa ya kudumu, ndiyo. Kutulia, hapana. Umeme na maji havina sikukuu. Kuna zamu za usiku, kuna simu ya dharura mvua inapovunja nguzo, na leseni nyingi huhuishwa kwa masomo na mitihani. Zungumzeni nyumbani kuhusu zamu kabla hujasaini mkataba.

"Mashine zitamaliza kazi hizi."

Kuna moja ambayo kweli zinaimaliza: kusoma mita nyumba kwa nyumba. Mita za kisasa hutuma usomaji zenyewe, na sitamshauri kijana aanze maisha hapo. Lakini mita hizo zinahitaji wa kuzifunga, wa kulinda mawasiliano yake na wa kuchambua taarifa zake ili kujua maji yanapotelea wapi. Bomba lililopasuka futi sita chini ya barabara bado linataka mtu, koleo na kiungio.

Ukifika kwenye usaili, jiandae kwa swali la namna hii: "Uko zamu peke yako usiku, shinikizo la bomba kuu limeshuka ghafla. Utafanya nini?" Wengi hujibu kwa haraka kwamba watawasha pampu ya pili. Jibu linalotafutwa huanza mapema zaidi: kuangalia kama kipimo chenyewe kinasema kweli, kulinganisha na kiwango cha maji tangini na kiasi kinachopita bombani, kumpigia msimamizi wa zamu, kuandika saa na tarakimu kwenye daftari. Maana kama bomba limepasuka, pampu ya pili itakuwa inamwaga maji barabarani.