Je, wajua kwa nini vijana walio katika hatari ya kuvunja sheria hufundishwa kuomba mpira?

Chicago, Marekani, kuna mpango wa vijana uitwao Becoming a Man. Zoezi lake moja ni hili: vijana wanakaa wawili wawili, mmoja amefumbata mpira, mwenzake ana sekunde 30 za kuupata. Mara wanaanza kukunjuana vidole, kukabana, kugaragazana sakafuni. Muda ukiisha, kiongozi anauliza: kuna aliyeomba apewe? Karibu kila mara hakuna. Asingenipa, wanasema, au angeniona mwoga. Mwenye mpira akiulizwa, mara nyingi hujibu kwamba angeutoa tu.

Somo zima limo humo. Mtaani kwao, ukinyang'anywa kitu leo ukanyamaza, kesho watakuja wengine, kwa hiyo ngumi imewahi kumlinda kijana huyu. Kinachomponza ni kwamba ngumi hiyohiyo humtoka hata pale mtu anapomkanyaga kwa bahati mbaya. Kumhubiria aache ugomvi hakumsaidii. Anachohitaji ni mazoezi ya kutulia kidogo na kujiuliza: hasa limetokea nini? Nina hakika alikusudia? Nina njia gani nyingine, na kila moja itanifikisha wapi?

Mwanasaikolojia Robert Ross wa Kanada alilisisitiza jambo hili tangu miaka ya 1980. Katika jaribio lake huko Ontario, walimu walikuwa maafisa wa probesheni wenyewe, yaani wale wanaowasimamia watu waliohukumiwa bila kupelekwa gerezani. Naona hapo alipatia, kwa sababu afisa ndiye anayeyajua matatizo ya mtu wake wiki kwa wiki.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliupima mpango wa mpira kwa kuwachagua vijana kwa bahati nasibu. Wakati masomo yakiendelea, kukamatwa kwa makosa ya ukatili kulipungua kwa asilimia 45 hadi 50. Masomo yalipokwisha, nafuu hiyo ilififia. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja kubwa ya kuyaingiza kwenye probesheni. Kenya, kwa mfano, amri ya probesheni hudumu miezi 6 hadi miaka 3. Kijana anayeripoti kwa afisa wake muda wote huo anaweza kuulizwa kila mara: wiki hii ni nani aliyekuudhi, na kabla hujamjibu ulifikiria nini?