Kinyama jichoni kwa wafanya kazi wa juani na mafundi wa kuchomelea

Saratani ya jicho tunayoikuta zaidi kwa watu wazima Afrika Mashariki huanzia nje, kwenye utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, pembezoni mwa duara jeusi. Ile inayoota ndani ya jicho ni nadra kwa watu weusi. Kwa kuwa hii ya nje iko wazi, mwenye jicho anaweza kuiona mwenyewe kwenye kioo. Hata hivyo wengi hufika hospitali ikiwa imeshatambaa juu ya konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, kwa kuwa walidhani ni kinyama cha kawaida.

Jua ni chanzo kikubwa. Uvimbe huu huota hasa pale kope zinapoachana, mahali ambapo mionzi ya urujuanimno hupiga moja kwa moja. Mkulima, mvuvi, dereva wa bodaboda na muuza sokoni asiye na kivuli huipokea miaka na miaka, na mvuvi huipata pia ikirudishwa na maji. Anayeishi na VVU yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Tangu miaka ya 1990 madaktari wa Uganda na majirani zake waliona ugonjwa huu ukiongezeka pamoja na VVU. Ndiyo maana mwenye uvimbe wa aina hii hushauriwa kupima VVU.

Kinga ya juani ni kofia yenye ukingo mpana pande zote (kapelo huacha pembe za macho wazi) na miwani iliyoandikwa UV400, ikizunguka hadi pembeni. Weusi wa kioo peke yake haulindi. Miwani nyeusi isiyochuja mionzi hufanya mboni ipanuke, mionzi ikaingia zaidi. Muda mkali ni saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, na wingu jepesi halizuii.

Kwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwanga wa umeme ni jua la pili lililo karibu na uso. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, walikubaliana kwamba mionzi ya kuchomelea husababisha melanoma ya jicho, yaani saratani ya seli zinazotengeneza rangi. Miwani ya jua haifai kabisa kwa kazi hii, wala miwani ya kuchomelea kwa gesi. Kwa mageti na madirisha, ampea 60 hadi 160, tumia ngao ya uso yenye kioo cheusi namba 10 (namba huonyesha ukali wa giza la kioo). Kwa ampea 160 hadi 250, namba 12. Kioo kilichopasuka kibadilishwe siku hiyo hiyo.

Jambo linalotusikitisha kila mara ni msaidizi. Fundi amevaa ngao. Kijana anayemshikia chuma amegeuza uso tu na kufumba macho kila fundi anaposhikiza vipande kwa nukta chache za moto. Mionzi humfikia kutoka pembeni na kutoka kwenye ukuta uliopakwa rangi nyeupe. Naye anahitaji ngao, na wapita njia wanahitaji pazia. Sheria za usalama na afya kazini, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga.

Usiku baada ya kuchomelea, macho yakiwasha kama yana mchanga, konea imeungua. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili, lakini ni dalili kwamba kinga imeshindwa. Usitumie matone ya ganzi: yanachelewesha kidonda kupona.

Kinyama cha kawaida huwa na umbo la pembetatu, laini, hukua polepole kwa miaka, mara nyingi upande wa pua. Tia shaka ukiona kilichoinuka, chenye ukoko mweupe au madoa ya kahawia, chenye mishipa minene ya damu, kinachokua kwa wiki au miezi, hasa jicho moja. Matone yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu) yanayouzwa madukani hupunguza wekundu na kukupa moyo bure, huku uvimbe ukiendelea.

Hata daktari mzoefu hukosea kwa kutazama tu. Kila kinyama kinachokatwa kipelekwe maabara ndani ya formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, na wewe uliza majibu yatatoka lini. Uvimbe mdogo huondolewa kwa upasuaji pamoja na ukingo wa milimita 3 hadi 4 wa utando ulio mzima. Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa matone ya dawa ya saratani iitwayo 5-fluorourasili, yakitumiwa mara 4 kwa siku kwa wiki 4 baada ya upasuaji, yalipunguza sana kurudi kwa uvimbe ndani ya mwaka mmoja. Bado unaweza kurudi, kwa hiyo tarehe za kliniki zifuatwe hata kama jicho linaonekana safi.