Fikra za kihalifu kwa mwanafunzi: maana yake na zinakoanzia

Fikra za kihalifu si wizi wenyewe. Ni visingizio anavyojipa mtu kabla ya kuiba, kudanganya au kupiga, ili moyo usimsute. Mwaka 1957 Wamarekani wawili, Gresham Sykes na David Matza, walivipanga katika mafungu matano: sikuwa na la kufanya, hakuna aliyeumia, alistahili, wanaonihukumu nao ni wezi, nimefanya kwa ajili ya wenzangu. Anayevitumia anajua vizuri kwamba wizi ni mbaya. Asingejua, asingehitaji kisingizio.

Kisingizio hufundishwa, na mwalimu wa kwanza ni nyumba. Hapa Lubumbashi, waya wa shaba ukiingia uani Katuba na baba akasema "ni ya Leta (serikali), haina mwenyewe", mtoto anayetumwa jioni kuuchoma plastiki atoe shaba amepata somo zima. Kesho akiiba kitabu cha shule atasema neno lile lile.

Au chukua minerivali, yaani karo ya shule. Mzazi ametoa franka 50 000, risiti imerudi ya 40 000, kijana anadai zilizobaki zilikwenda kwenye usafiri. Mama akicheka na kumwita mjanja, amebariki. Akimpiga bila kuuliza, kijana atajifunza kuficha risiti. Na linaloharibu zaidi ni leo kucheka, kesho kupiga: hapo mtoto haoni sheria, anapima tu hasira ya mzazi imefika wapi.

Umaskini peke yake haumfanyi mtu mhalifu, na inauma kusikia watoto wa mitaa ya chini wakihukumiwa hivyo. Wengi hulala njaa na hawagusi cha mtu. Mtoto wa tajiri aliyeona baba akimnunulia pointi shuleni ana fikra hizi hizi.

Mtaa una nguvu yake, lakini si kila rafiki ana uzito sawa. Edwin Sutherland, Mmarekani aliyechunguza uhalifu, alitaja vipimo vinne: wanaonana mara ngapi, kwa muda mrefu kiasi gani, walianza mapema kiasi gani, na anamheshimu vipi. Kwa hiyo usihesabu kundi la barabarani. Tafuta yule yaya mmoja, kaka au dada mkubwa wa mtaani, aliyemnunulia viatu.

Kisingizio kikisikika, kijibu siku hiyo hiyo, kwa sauti ya kawaida: ni ya nani? Nani amepungukiwa? Utarudisha vipi? Kisha mwache arudishe kwa mkono wake, wewe ukiwa pembeni. Kumlaza kasho (mahabusu) kati ya watu wazima ni kumpa walimu wapya. Isitoshe, kwa sheria ya Kongo Na. 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, aliye chini ya miaka 14 hahesabiwi kosa la jinai, na wa 14 hadi 18 huamuliwa na tribinali (mahakama) ya watoto.

Zile franka 10 000 azilipe kwa kazi za nyumbani, 2 000 kila Jumamosi kwa wiki tano, zikiandikwa kwenye daftari analoliona yeye na mama. Wiki ya tatu ataomba asamehewe zilizobaki. Hapo ndipo wazazi wengi hulegea.