Dawa mseto ya maumivu: kidonge kimoja, dawa mbili

Neno mseto wengi wetu tulilijua jikoni, wali na choroko kwenye sufuria moja, kisha tukalikuta zahanati. Tanzania mtu akisema "nimeandikiwa mseto", kila mtu anaelewa ni dawa ya malaria: dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, zisaidiane kazi. Dawa mseto ya maumivu ni hivyo hivyo. Ni kidonge chenye parasetamoli, ile ile iliyomo kwenye Panadol, pamoja na dawa ya pili yenye nguvu zaidi ya jamii ya opioidi, mara nyingi kodeini au tramadoli. Tofauti ni kwamba kwenye sahani choroko unaziona. Kwenye kidonge cheupe huoni kitu, na mtu anaweza kumeza wiki nzima bila kujua kwamba kila akimeza kimoja anameza dawa mbili.

Opioidi ni jina la ukoo mzima wa dawa zenye asili ya afyuni, utomvu wa mmea uitwao mpopi, au zilizotengenezwa maabara zikafanya kazi kama afyuni. Kiswahili kina neno jingine la afyuni, kasumba, na ndilo hilo tunalolitumia leo kwa fikra iliyomkaa mtu kichwani asiweze kuitoa. Kodeini na mofini zimo ndani ya utomvu wa afyuni wenyewe. Heroini hutengenezwa kutokana na mofini. Tramadoli ni ya maabara, lakini inagonga milango ile ile ya ubongo. Simtishi mtu kwa kutaja heroini hapa. Kodeini na tramadoli ni dawa halali, zinawasaidia watu waliotoka kupasuliwa, waliovunjika mfupa, wenye saratani. Nataka tu ijulikane kidonge hiki kinatoka ukoo gani, maana watu wanakiita "Panadol kali", na hilo jina ndilo linalowaponza.

Kwa nini zichanganywe? Kwa sababu zinapunguza maumivu kwa njia mbili tofauti, na zikiwa pamoja mgonjwa anapata nafuu kwa kiasi kidogo cha opioidi kuliko angepewa opioidi peke yake. Ni wazo zuri. Ila kila moja imekuja na mpaka wake na sumu yake, na ukiongeza kidonge kimoja umeziongeza zote mbili kwa pamoja, hata kama ulitaka moja tu.

Mimi nafanya kazi duka la dawa, na mtu aliyenifanya niandike haya ni mzee mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri. Alifika dukani asubuhi, ameshikwa mkono na binti yake, anatembea kwa kujikunja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nipe Panadol, nichanganye na hizi za hospitali. Zinanilevya tu, usiku silali kwa maumivu."

Nikamwomba nizione hizo za hospitali. Akatoa mfukoni mwa shati kibahasha cha plastiki, kile chenye mstari wa kubana juu. Kwa kalamu kimeandikwa "2x4", na chini yake "maumivu". Jina la dawa hakuna. Vidonge vilikuwa vimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake, na sehemu yenye jina ilibaki huko vilikokatwa. Kwa bahati kipande kimoja kilibaki na ukingo wenye maandishi: kodeini 30 mg, parasetamoli 500 mg.

Hapo hesabu ni rahisi, na ningependa kila mtu aijue kama anavyojua bei ya sukari. Mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuzidisha miligramu 4,000 za parasetamoli ndani ya saa 24. Vidonge 2 mara 4 ni vidonge 8, na 8 mara 500 ni 4,000. Mzee alikuwa tayari amegusa dari kwa dawa ya hospitali peke yake. Angeongeza Panadol mbili mbili mara tatu, zingekuwa 3,000 nyingine, jumla 7,000 kwa siku. Naye alikuwa mwembamba, sidhani kama alifika kilo 50, na kwa mtu mwenye uzito huo, au mwenye ugonjwa wa ini, au mnywaji wa pombe wa kila siku, au asiyekula vizuri, hata hiyo 4,000 daktari huishusha.

Namba mbili kwenye karatasi ya vidonge ndizo zinazosema kila kitu. Kwa kawaida ile ndogo ni ya opioidi, ile kubwa ni ya parasetamoli. Kodeini na parasetamoli huweza kuwa 8/500, 15/500 au 30/500. Angalia vizuri: parasetamoli ni ile ile kwenye zote tatu, lakini kodeini ya mwisho ni karibu mara nne ya ile ya kwanza. Mtu aliyezoea 8/500 akipewa 30/500 na kumeza kwa mazoea, anameza kitu kingine kabisa. Ile ya tramadoli mara nyingi ni 37.5/325. Hiyo 325 ina historia yake: Januari 2011 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji wa dawa mseto zinazotolewa kwa cheti wasizidishe miligramu 325 za parasetamoli kwa kila kidonge, kwa sababu ya watu walioharibika ini. Na ukiletewa dawa na ndugu aliyeko Marekani, pakiti haitaandika paracetamol. Itaandika acetaminophen. Ni dawa moja.

Parasetamoli imejificha kwingi. Imo kwenye dawa nyingi za mafua, za unga wa kukoroga na za vidonge. Imo kwenye Panadol Extra, pamoja na kafeini. Imo kwenye vile vidonge vya diklofenaki vilivyochanganywa na parasetamoli, ambavyo watu wa mgongo na magoti huvinunua kila mwisho wa wiki. Mtu akiwa na mseto wa maumivu halafu akapata mafua, tayari yuko hatarini, na hakufanya ujinga wowote. Hakuambiwa tu.

Nirudi kwa mzee, maana maumivu yake ya usiku yalikuwa ya kweli. Nikamuuliza anakunywa saa ngapi. Akasema saa moja asubuhi, saa tano, saa tisa, na saa moja jioni. Kumbe "2x4" aliisoma kama mara nne kabla ya giza! Vidonge vyote vinane vilikuwa vinaishia jioni, kisha saa kumi na mbili nzima za usiku hamezi kitu. Mchana analewa, usiku anaumia. Dozi nne maana yake ni kila baada ya saa sita: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Nilimpigia daktari wake, akapunguza iwe kimoja kila baada ya saa sita, na usiku huo, binti aliniambia baadaye, mzee alilala. Dawa ilikuwa nusu ya ile ya jana yake. Ndiyo maana nawaomba wenzangu tunaotoa dawa: andikeni jina na saa kwenye bahasha, msiandike "2x4" mkaishia hapo.

Sasa kuhusu sumu zake, kwa sababu mbili hizi haziui kwa mwendo mmoja.

Opioidi ikizidi inaonekana siku hiyo hiyo. Inapunguza kasi ya pumzi. Mtu anasinzia kupita kawaida, ukimwita anaitikia kwa mbali au haitikii, mboni za macho zinakuwa ndogo kama kichwa cha pini, anapumua polepole au kwa kukoroma kusikoeleweka, midomo inabadilika rangi. Usiseme "mwache apumzike, ni dawa". Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na beba pakiti. Ipo dawa inayoitwa naloksoni ambayo huondoa opioidi kwenye milango yake ya ubongo, lakini lazima afike mapema.

Parasetamoli ni kinyume. Aliyezidisha sana leo anaweza asihisi chochote, au kichefuchefu kidogo tu, siku nzima ya kwanza. Anaenda kazini. Ini linaharibika taratibu, na siku ya pili au ya tatu ndipo tumbo la upande wa kulia linauma na macho yanakuwa ya njano. Dawa ya kuliokoa ini ipo, asetilisisteini, na inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu kumeza. Kwa hiyo ukigundua umezidisha, au mtoto kakuta pakiti, unakwenda sasa hivi ukiwa mzima. Maziwa tunayowanywesha watu waliokula sumu hayasaidii hapa, na kumnywesha mtu anayesinzia kunaweza kumpalia.

Usinzizi wa opioidi hujumlishana na usinzizi wa kitu kingine chochote. Pombe, iwe bia au gongo, ndiyo mbaya kuliko zote, na inaongeza mzigo wa ini pia. Baada yake zinakuja dawa za usingizi na za wasiwasi kama diazepamu, na hata ile Piriton ya mzio. Dereva wa bodaboda au wa lori asiuguse mseto huu kabla ya kushika usukani. Kwa tramadoli kuna la ziada: inaweza kuleta degedege, hivyo mwenye kifafa aseme kabla ya kupewa, na anayetumia dawa za sonona aseme pia, kwani baadhi yake zikikutana na tramadoli huleta mtetemeko, joto kali na mapigo ya moyo kwenda mbio.

Kodeini ina jambo jingine ambalo watu hawalijui. Yenyewe ni dhaifu, ini ndilo linaloigeuza kuwa mofini. Kuna watu ambao ini lao haliigeuzi karibu kabisa, hao watakuambia dawa haifanyi kazi, na hawadanganyi. Kuna wengine linaigeuza haraka mno, wakapata mofini nyingi kwa dozi ya kawaida. Kundi hili la pili ni dogo kwa mataifa mengi, lakini kwa Waethiopia linakadiriwa kufika hadi watu 28 katika kila 100. Hakuna anayejijua kwa kujitazama kwenye kioo. Ndiyo sababu mwaka 2013 Ulaya ilizuia kodeini ya maumivu kwa watoto chini ya miaka 12, na mwaka 2017 Marekani ikafanya hivyo kwa kodeini na tramadoli, ikiwaonya na wanaonyonyesha wasizitumie, kwani dawa hizi hupita kwenye maziwa. Mama aliyejifungua kwa upasuaji na kupewa kidonge asichokijua aulize: "Hii ina kodeini au tramadoli? Mimi nanyonyesha." Mtoto akisinzia kupita kiasi, akashindwa kunyonya, au pumzi ikabadilika, ni hospitali mara moja.

Tumbo kufunga choo huwapata wengi. Maji, mapapai, matembele, na ukiona siku ya pili hakuna kitu, omba dawa ya kulainisha. Aliyepasuliwa ngiri akijikamua chooni anaivuta nyuzi yake, na wagonjwa wengi wanaona haya kulisema hili.

Uraibu huja kwa siku, sio kwa tabia mbaya ya mtu. Uingereza, vile vidonge dhaifu vinavyouzwa bila cheti huandikwa kwenye pakiti kwamba vinaweza kuleta uraibu na visitumiwe zaidi ya siku 3. Mwenye kichwa cha kila mara anayekunywa mseto huu siku 10 au zaidi kwa mwezi anaweza kujikuta dawa yenyewe ndiyo inayomrudishia kichwa. Na aliyeitumia kwa wiki nyingi asiikate ghafla, atapata arosto: jasho, mafua ya uongo, vinyweleo kusimama, kuharisha, kukosa usingizi. Arudi kwa daktari ashushe dozi pole pole. Hapaswi kuona aibu, na sisi wa nyuma ya kaunta hatupaswi kumpa sababu ya kuona.

Siku ya tano binti wa mzee alirudi peke yake. Baba sasa anatembea wima, akasema, anakunywa Panadol za kawaida tu. Kwenye kibahasha vilibaki vidonge sita.

"Kaka, hivi naviweka kabatini? Mwanangu ana miaka tisa, jino linamsumbua sana."

Nikavipokea, nikaviweka kwenye boksi la dawa za kuteketezwa, nikamuuliza mtoto ana kilo ngapi, nikampa parasetamoli ya maji ya kumtosha mpaka amfikishe kwa daktari wa meno.