Mapenzi yameiva, mkate bado

Riwaya niliyoimaliza juzi imeniacha njia panda. Ni hadithi nyepesi ya mapenzi: binti anarithi duka la mikate la shangazi yake, kijana mpishi wa keki anafungua lake mtaa wa pili, wanagombana, wanapendana. Nilicheka peke yangu kitandani, na nilikifunga kitabu saa nane za usiku nikijua kabisa kwamba saa kumi alfajiri nina unga wa kukanda. Hiyo ni sifa, na ninaitoa kwa moyo mweupe.

Lakini kazi yangu ni kuoka, na kuna mahali macho yaligoma kuendelea.

Sura ya tatu binti ana haraka. Anamimina maji yanayotokota juu ya hamira, anakanda, na kabla hajamaliza kumuwaza yule kijana mkate umeshatoka kwenye oveni, umetuna kama mto. Hamira ina uhai. Maji ya vuguvugu, yale yasiyoshtua kidole, huiamsha. Yakifika nyuzi 60 hivi inakufa, na yanayotokota yana 100. Mkate ule ungetoka tofali. Utasema, nani ajali, si mapenzi tu? Mimi najali, kwa sababu haraka ile imempokonya mwandishi kitu alichokihitaji. Donge likishafunikwa kitambaa, kazi iliyobaki ni kungoja: saa nzima, pengine mbili kukiwa na baridi. Watu wawili waliogombana, jiko moja, na hakuna awezaye kuondoka maana donge halijaumuka! Maneno yote wanayoyakwepa kitabu kizima yangesemwa hapo.

Laura Esquivel wa Meksiko alilielewa jambo hili katika Como agua para chocolate, riwaya yake ya 1989. Kila sura ina upishi wake. Tita anaandaa keki ya harusi ya dada yake, anayeolewa na Pedro, mwanamume ambaye Tita mwenyewe anampenda; machozi yake yanadondokea kwenye mchanganyiko, na wageni wakiila wanaangua kilio. Ni miujiza mitupu, lakini ukiiondoa keki ile hadithi inaanguka. Katika riwaya yangu ya juzi ungeweza kuondoa mikate ukaweka maua, na karibu kila kitu kingebaki palepale.

Isipokuwa ukurasa mmoja.

Kijana anayeyusha sukari kavu kwenye sufuria. Sukari hiyo ikifika nyuzi 170 hivi inakuwa rangi ya asali, inaiva zaidi inakuwa hudhurungi, na baada ya hapo ni sekunde chache tu kabla haijageuka chungu. Binti anatokea mlangoni, kijana anainua macho, anachelewa kuepua. Anamwagia krimu hivyo hivyo, akitumaini. Binti anaonja kwa kijiko, hasemi kitu. Anachota chumvi kwa ncha za vidole, ananyunyiza, anakoroga, anamrudishia kijiko. Na ni kweli, chumvi kidogo huufifisha uchungu ulimini. Kijana anaonja, ananyamaza naye. Hakuna aliyetamka neno "nakupenda", na hapakuwa na haja.

Nimeusoma ukurasa ule mara tatu. Kitabu nimempa mwanafunzi wangu wa kuoka, nimemkunjia kona hapo. Sura ya tatu nimemwachia aigundue mwenyewe.