Je, wajua ni kwa nini habari fupi ya Biblia inaweza kuzaa riwaya nzima ya kihistoria?

Kijana mmoja wa darasa la kipaimara hapa Dodoma, baada ya kusomewa habari ya mjane wa Sarepta, aliuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: “Mwalimu, huyu mama aliitwa nani, na kuni mbili zilimtosha kupika nini?” Habari yenyewe imo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17, kuanzia aya ya 8 hadi ya 24. Ni aya 17 tu. Nabii Eliya anafika kwenye lango la mji wakati wa ukame, anamkuta mjane akiokota kuni, anamwomba maji, kisha mkate. Unga na mafuta ya mama yule havikwishi. Baadaye mwanawe anafariki na kurudishiwa uhai. Jina la mama halitajwi wala la mtoto, na hatuambiwi kama alilia.

Habari za namna hii ni fupi kwa sababu waandishi wake walikuwa na kusudi jingine. Vitabu vya Wafalme vinamalizikia kwenye kufunguliwa kwa mfalme Yehoyakini gerezani Babeli, mnamo mwaka 561 K.K., maana yake ni kwamba vilikamilishwa karibu miaka 300 baada ya enzi ya Ahabu, mfalme wa Israeli wa siku za Eliya, na nia yake ilikuwa kupima kila mfalme kwa uaminifu wake mbele za Mungu. Mjane aliingia humo kwa kuwa nabii alibisha hodi maishani mwake. Zaidi ya hayo, maandiko hayo yalisomwa kwa sauti mbele ya watu walioujua ukame na lango la mji, na ambao hawakuhitaji kuelezwa konzi ya unga ni kiasi gani. Sisi tuliokulia Ugogo tunaielewa hali hiyo. Wazee wakitamka neno moja tu, “Mtunya”, yaani ile njaa kuu iliyoikumba nchi ya Wagogo mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliokuwa wakiijua hawakudai maelezo. Ni wajukuu wanaouliza watu walikula nini na nani aliondoka kwenda wapi.

Hapo ndipo mwandishi wa hadithi ya kihistoria anapoingia, naye huanza kwa kuuliza mhusika alishika nini mkononi kabla ya kuuliza aliwaza nini. Tulitazame jibu la mjane jinsi lilivyo katika Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka: “sina mkate, ila konzi ya unga katika pipa, na mafuta kidogo katika chupa, nami ninaokota kuni mbili ili niingie nijipikie nafsi yangu na mwanangu, tuule tukafe.” Msomaji wa leo anayesikia “pipa” huona pipa la bati lile la kuhifadhia maji ya mvua, na “chupa” humletea picha ya kioo. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa pipa ni “kad”, nalo ni mtungi wa udongo. Sarepta, ambayo leo ni Sarafand katika pwani ya Lebanoni, kati ya Tiro na Sidoni, ilichimbwa na wanaakiolojia wakiongozwa na James Pritchard kuanzia mwaka 1969 hadi 1974, na miongoni mwa waliyoyakuta ni tanuri nyingi za kuchomea vyungu. Kwa hiyo mama huyu aliishi katika mji wa wafinyanzi. Katika mji kama huo mtungi mzuri ungeweza kupatikana kirahisi kuliko kitu cha kutia ndani yake, na kwangu mimi ugunduzi huo peke yake unatosha kufungua sura ya kwanza ya riwaya.

Tuje kwenye konzi. Kiswahili kina hazina kubwa ya vipimo vya mkono: konzi ni kiasi cha mkono uliofumbwa, ukufi ni kile kinachokaa juu ya kiganja kimoja kilichofunguliwa, na chopa ni kujaa kwa viganja viwili. Kiebrania hapo kinasema “kaf”, yaani kiganja, hivyo ukufi ungekaribia zaidi. Tofauti hiyo ni ndogo sokoni lakini ni kubwa katika usimulizi, kwa maana mkono uliofumbwa unaficha na kiganja kilichofunguliwa kinaonyesha. Mwandishi anaweza kuchagua mama anyooshe mkono ili mgeni auone umaskini wake, au aufumbe kwa aibu.

Na zile kuni mbili? Eliya anaomba “mkate mdogo”, na neno la Kiebrania lililotumika hapo linarudi katika sura ya 19, ambako nabii huyo huyo anapewa mkate uliookwa juu ya makaa. Basi tunazungumzia mkate mwembamba, unaoiva upesi juu ya makaa au jiwe lililopata moto, na si chakula cha kusongwa kwenye chungu kwa muda mrefu. Kuni mbili zingemtosha. Kijana yule alifurahi sana kupata jibu hilo, akaniambia kwamba yeye tangu utotoni alimwona mjane akisonga ugali.

Sikumlaumu, lakini ugali wa mahindi ndiyo hatari yenyewe. Mahindi yalitoka bara la Amerika, nayo yalivuka bahari kuja huku baada ya mwaka 1492. Mwandishi hana budi pia kuondoa sarafu, kwa kuwa katika siku za Ahabu fedha ilipimwa kwa uzito na shekeli ilikuwa jina la uzito huo. Tarehe tunaweza kuikadiria vizuri: jiwe la ukumbusho la Shalmaneseri wa Tatu, mfalme wa Ashuru, linamtaja Ahabu akiwa na magari ya vita 2,000 na askari 10,000 katika vita vya Karkar, mwaka 853 K.K. Uzoefu wetu wa ukame wa Dodoma utusaidie kuelewa midomo iliyopasuka na mwendo wa mama anayetoka kufukua maji mchangani, kwenye mto uliokauka. Usitupe ruhusa ya kupanda uwele Foinike, yaani katika pwani hiyo ya Tiro na Sidoni.

Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita ni siasa iliyomo. Sura iliyotangulia inasema kwamba Yezebeli, mke wa Ahabu, alikuwa binti wa Ethbaali, mfalme wa Wasidoni, na sura inayofuata inaeleza jinsi Yezebeli alivyowaua manabii. Sarepta ilikuwa ya Sidoni. Eliya, mtu anayewindwa, anatumwa kujificha katika nchi ya baba wa adui yake, nyumbani kwa mwanamke mgeni ambaye katika kuapa kwake anamtaja “Mungu wako” wala hasemi “Mungu wetu”. Kila aliyekaa uswahilini anajua kwamba mwanamume mgeni hakai nyumbani kwa mjane siku tatu bila majirani kunong’ona, na hapa kuna moshi unaotoka kila siku katika nyumba moja wakati nyumba nyingine zimezima. Ningeandika hivi:

“Jirani alisimama kizingitini, macho yakiwa kwenye majivu. ‘Leo pia umewasha,’ alisema. Mama alimkatia nusu ya mkate kabla hajaombwa, kisha akasogea kidogo ili mwili wake ukinge mtungi.”

Hakuna kinachopingana na Maandiko katika sentensi hizo, ingawa jirani nimembuni. Mpaka ninaouheshimu ni huo: neno lililoandikwa lisibadilishwe, na msomaji aambiwe wazi kuwa anasoma hadithi. Kuijaza nafasi iliyoachwa si jambo jipya. Mapokeo ya kale ya Wayahudi yalimfanya mtoto wa mjane huyu kuwa nabii Yona, na hapa kwetu Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alizitia habari za Injili katika utenzi, zikaimbika kwa vina na mizani.

Sehemu ambayo mimi ningeikalia muda mrefu kuliko zote ni ile isiyosimuliwa kabisa. Ahadi aliyopewa mjane ilikuwa na kikomo: unga hautapunguka na mafuta hayatakwisha “hata siku ile” Mungu atakapoleta mvua. Injili ya Luka inasema mbingu zilifungwa miaka mitatu na miezi sita, na hatimaye mvua kubwa inanyesha, Eliya akiwa mbali, akipiga mbio mbele ya gari la Ahabu. Katika Vitabu vya Wafalme Sarepta haitajwi tena. Msomaji wa mjini anaweza kudhani kwamba mvua ndiyo mwisho wa njaa. Mkulima wa Chamwino au Bahi anajua kwamba mvua inaanza Desemba na mavuno yanakuja kuanzia Mei, na kwamba miezi iliyo katikati, shamba likiwa kijani kibichi na ghala likiwa tupu, ndiyo mikali kuliko yote. Katika pwani ya Foinike nako mvua huanza karibu Oktoba au Novemba, na shayiri huvunwa majira ya Aprili. Basi mama yule anaamka usiku kwa kishindo cha mvua juu ya dari ya udongo, anamfunika mtoto, anapapasa gizani hadi kwenye mtungi, na kuingiza mkono.